Namba ya Cleveland: Ilivyopatikana, Ilivyoporomoka

Kati ya Januari 1993 na Novemba 1994, watoto wachanga wanane wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, walilazwa wakivuja damu mapafuni. Madaktari hawakuona sababu ya kawaida ya kulieleza jambo hilo. Watoto hao waliishi katika mitaa inayopakana, mashariki mwa mji, na baadhi yao walipopata nafuu na kurudishwa nyumbani, damu ilianza tena. Daktari yeyote makini angeshuku nyumba, na madaktari wa Cleveland walifanya hivyo.

CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ikatuma wachunguzi. Wagonjwa walipofika kumi, kila mmoja alilinganishwa na watoto watatu wazima wa umri wa karibu na wake. Nyumba za wagonjwa zilionekana kuwa na historia ya maji: mabomba yaliyopasuka, mapaa yaliyovuja, mafuriko. Penye maji pana kuvu, na hapo jicho likaangukia kuvu moja nyeusi, Stachybotrys, inayoota kwenye karatasi ya jipsamu na vibao vya dari vilivyolowa kwelikweli. Inaweza kutengeneza sumu kali. Mtuhumiwa alionekana kufaa mno, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Matokeo yaliyochapishwa yalisema hivi: katika nyumba za wagonjwa, wastani wa kuvu hiyo ikiwa hai hewani ulikuwa 43 kwa kila mita ya ujazo, kwa waliolinganishwa nao ulikuwa 4. Kila kiwango kilipopanda kwa 10, uwezekano wa ugonjwa ulikadiriwa kuongezeka karibu mara 9.8. Namba hiyo ikasafiri. Magazeti yakapata “kuvu yenye sumu”, mawakili wakapata kesi, na kampuni za kupima hewa zikapata wateja.

Lakini makadirio hayo yalikuja na mipaka yake ya mashaka, na mipaka hiyo ilianzia karibu na 1 ikaishia kwenye mamilioni. Kwa lugha ya kawaida, hesabu ilikuwa inasema: huenda hakuna athari yoyote, huenda ipo kubwa isiyosemeka. Ukiwa na watoto kumi tu, nyumba moja yenye kiwango cha juu kupita nyingine inatosha kuubeba wastani mzima.

CDC ikaomba kazi yake yenyewe ipitiwe upya, na Machi 2000 ikachapisha tathmini. Kasoro nyingine ni za kitakwimu, lakini iliyonigusa zaidi haihitaji takwimu. Wachunguzi walikuwa wamekisia, mara nyingi kwa usahihi, ipi ni nyumba ya mgonjwa. Kwa kuwa walitaka kuhakikisha kuvu haiwaponyoki, walichukua sampuli za hewa humo mara mbili ya zile za nyumba za kulinganisha. Tena waliitimua hewa kwanza: walifyonza mazulia kwa mashine, wakagonga samani na njia za hewa ya moto.

Kugonga huko kuna maana kubwa. Spora za Stachybotrys, yaani mbegu zake ndogo, zikiwa mbichi zimefunikwa ute. Hazipeperuki ovyo kama za kuvu ya Penicillium. Hupaa zikikauka na kutikiswa. Kwa hiyo anayegonga hapimi hewa aliyokuwa akiivuta mtoto kitandani. Anapima vumbi alilolitimua mwenyewe. Sahani ya maabara nayo huotesha kuvu hai peke yake, ilhali spora iliyokufa bado inaweza kuamsha mzio na pumu. Kipimo kilikuwa kinazidisha upande mmoja na kupunguza upande mwingine.

Kisha kuna ulinganisho mdogo ambao, kwa maoni yangu, ndio uliomaliza kesi. Zikichukuliwa nyumba zilizoharibiwa na maji pekee, kuvu hiyo ilipatikana hewani katika 4 kati ya 8 za wagonjwa, na 3 kati ya 7 za waliolinganishwa nao. Hapo tofauti haipo. Tathmini ikahitimisha kwamba uhusiano wa Stachybotrys na kuvuja damu haujathibitishwa.

“Haujathibitishwa” si sawa na “hauna madhara”, ingawa wapo wenye nyumba ambao ingewafaa sana tusome hivyo. Mwaka 2004 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia ushahidi wote uliokuwepo kuhusu nyumba zenye unyevu. Kuhusu damu mapafuni kwa watoto, ilisema ushahidi hautoshi. Kuhusu kukohoa, kifua kupiga mluzi, dalili za pua na koo na pumu kuwazidia walio nayo, ilisema uhusiano upo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2009 halikuweka kiwango cha spora kinachoruhusiwa. Lilielekeza nguvu kwenye kuzuia na kuondoa unyevu wenyewe.

Uingereza ilifika huko kwa njia chungu. Desemba 2020 Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, aliyeishi Rochdale katika nyumba ya kupanga ya shirika la makazi, alifariki. Baba yake alikuwa amelalamikia kuvu tangu 2017, akaambiwa aipake rangi. Rangi haizuii mvuke wa jikoni na bafuni kuganda kwenye ukuta baridi. Kuvu hurudi juu yake. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu kwenye kuvu.

Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika England Oktoba 2025, katika nyumba za mashirika ya makazi na halmashauri. Mpangaji haombwi cheti cha maabara. Kwa hatari ya dharura mwenye nyumba ana saa 24. Kwa unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa, ana siku 10 za kazi kuchunguza, kisha siku 5 za kazi kuifanya nyumba iwe salama. Akishindwa, awatafutie wapangaji pa kukaa, kwa gharama yake.