Kasi ya Kukauka

Mkulima wa mahindi wa Dodoma au Kitui anaijua siku ambayo mvua haina msaada tena. Majani yamejikunja na kupauka, na hata wingu likishusha maji jioni, asubuhi shamba liko vilevile. Mimea mingi ndivyo ilivyo: jani likishuka hadi kati ya asilimia 60 na 30 ya maji linayoweza kuyabeba, limekwisha. Lakini kwenye miamba ya Afrika Kusini, penye udongo mwembamba usioshika maji, huota Xerophyta, ambayo majani yake hushuka hadi asilimia 5 hivi. Hukaa hivyo kwa miezi, makavu kiasi cha kusagika mkononi. Mvua ikinyesha, majani yaleyale, wala si machipukizi mapya, hurudi kuwa kijani ndani ya siku chache. Mmea huu una ndugu zake Kenya na Tanzania, nao pia ni wa miambani.

Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mimea hii ya kufufuka. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi, na anapoandikwa magazetini husifiwa zaidi kwa lengo lake la mbali, yaani kupata nafaka inayoweza kukauka na kufufuka. Lengo hilo ni kubwa, nami namtakia alifikie. Ila kinachonivuta mimi ni namna anavyokausha. Hapo ndipo nauona ustadi wake, na ni ustadi ambao mtu anaweza kuupita bila kuuona, kwa kuwa kukausha mmea kunaonekana si kazi: acha kuumwagilia, subiri.

Aliianza kazi hiyo kwa kiumbe kisichotaka kukaushwa kabisa. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Natal, Durban, pamoja na walimu wake Patricia Berjak na Norman Pammenter, alichunguza mbegu za mchu, ule mkoko wa pwani yetu wenye mizizi ya kupumulia inayochomoza topeni. Maharage, mtama na mahindi hukauka mbegu zikiwa bado kwenye mmea, na ndiyo maana tunaweza kuziweka ghalani hadi msimu ujao. Mbegu ya mchu haipiti hatua hiyo. Huanguka ikiwa imejaa maji, tayari imeanza kuota, na ikinyimwa maji hufa. Ila katika kazi waliyoichapisha mwaka 1985 walionyesha kwamba hata kufa huko kuna kasi yake. Mbegu iliyokaushwa haraka ilivumilia kupungukiwa na maji mengi zaidi kuliko iliyokaushwa taratibu. Sababu yake ni kwamba seli iliyokauka nusunusu bado inafanya kazi, lakini inafanya vibaya, na kila saa inayokaa katika hali hiyo inajilimbikizia uharibifu. Ukiivusha haraka, unaipunguzia muda wa kujidhuru.

Kwa hiyo alipogeukia mimea ya kufufuka alikuwa na swali ambalo wengi wasingefikiria kuliuliza: je, nayo inajali kasi? Aliichagua mitatu ya Afrika Kusini, Craterostigma wilmsii, Xerophyta humilis na kichaka kiitwacho Myrothamnus, akaikausha kwa kasi mbili. Majibu yalichapishwa mwaka 1999. Ilipokaushwa polepole, yote mitatu ilifufuka. Ilipokaushwa haraka, Craterostigma peke yake ndiyo iliyorudi. Xerophyta, ule mmea wa ajabu wa miambani, ulikufa kama mahindi yanavyokufa, kwa sababu tu haukupewa muda wa kujiandaa.

Jaribio hili nalipenda kuliko mengine yake yote. Linatuambia kwamba kustahimili ukavu si sifa ambayo mmea unayo tu, kama rangi ya ua. Ni kazi ambayo mmea huifanya, yenye hatua na utaratibu, na ukikatishwa katikati huachwa bila kinga. Kuanzia hapo kila kipimo kinapaswa kusema kimechukuliwa mmea ukiwa umefika wapi katika kazi hiyo.

Na hapo chombo kikuu ni mizani. Jani linapimwa uzito likiwa vilevile lilivyokatwa. Linaachwa lielee majini hadi lishibe, linapimwa tena. Kisha linakaushwa kwenye tanuri mpaka lisibaki na unyevu, na kupimwa mara ya tatu. Uzito wa mara hizo tatu ndio unaotoa ile asilimia ya maji. Kuhesabu siku hakutoshi, maana mmea wa dirishani na mwenzake wa kivulini, hata wakinyimwa maji siku moja, hawafiki pamoja. Mtafiti anayechanganya majani ya hatua tofauti anachanganya jeni zilizowaka mwanzoni na zile za mwishoni, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayozitenganisha baadaye.

Kuna mtego mwingine uliojificha kwenye hadubini. Ili kuiona seli kwa hadubini ya elektroni, jani huhifadhiwa kwanza kwa dawa, na dawa hizo kwa kawaida huchanganywa na maji. Jani kavu likitumbukizwa humo linakunywa. Kinachoonekana baadaye hakiwi tena jani kavu, kimeshakuwa jani lililoanza kufufuka. Maabara zilizozoea kazi hii hugandisha jani kwa ghafla kwenye baridi kali, kisha huondoa barafu kidogo kidogo bila maji kupata nafasi ya kurudi.

Walioangalia kwa uangalifu wa namna hiyo waliona kwamba mimea hii haina njia moja. Jani lililokauka likiendelea kupigwa na jua, klorofili yake hunasa mwanga ambao hauna pa kutumika, na oksijeni haribifu huzaliwa humo. Myrothamnus na Craterostigma hubaki na sehemu kubwa ya klorofili yao, ila hukunja majani na kuyakinga kwa rangi ya zambarau inayochuja mwanga. Xerophyta huibomoa klorofili yote pamoja na tando zake, ikaijenga upya mvua ikirudi. Tofauti nyingine iko kwenye umbo la seli, ambayo ikipoteza maji huelekea kusinyaa hadi utando wake ung'oke ukutani. Craterostigma hukunja kuta zenyewe. Xerophyta hugawa vakuoli yake kubwa, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli, kuwa nyingi ndogondogo na kuzijaza vitu visivyo maji. Kazi hiyo ya kubomoa na kujaza ndiyo inayohitaji muda, na ndiyo maana kukaushwa haraka kuliiua.

Katika mambo mengine njia zao zinakutana. Sukari aina ya sukrozi hurundikana pamoja na protini za pekee, na maji yanapotoweka mchanganyiko huo huganda na kushikilia kila kitu mahali pake. Aliyepika kashata ameiona hali hiyo: shira ikipoa huwa ngumu na ang'avu bila kurudi kuwa chembechembe za sukari. Ndani ya seli iliyoganda hivyo karibu hakuna kinachosogea, kwa hiyo karibu hakuna kinachoharibika.

Sukari hizo, protini hizo, hata ugandaji huo, ni vitu vinavyojulikana sana kwenye mbegu kavu. Kule Ujerumani, Dorothea Bartels na wenzake walikuwa wameonyesha tangu mwaka 1990 kwamba katika Craterostigma jeni za ukavu huitikia asidi absisiki, homoni ileile inayoongoza ukomavu wa mbegu. Mwaka 2002 kundi la Cape Town liliripoti kwenye majani ya Xerophyta viscosa kimeng'enya cha kuzima oksijeni haribifu, cha aina ambayo kwenye mimea mingine ya maua ilijulikana kuwa ya mbegu. Mwaka 2005 Farrant na Nicola Illing, pamoja na wenzao, wakaweka hoja yao wazi: mimea hii inatumia kwenye majani maarifa ambayo karibu kila mmea wa maua unayo tayari, ila wengine huyaweka kwenye mbegu tu. Kwa mtu aliyeanza na mbegu isiyojua kukauka, hoja hiyo lazima ilikuwa karibu na moyo wake. Na kwa mkulima inaleta tumaini, maana punje ya mahindi hukauka kila msimu na kuota tena. Jeni hazihitaji kutafutwa mbali.

Kinachonifanya niiheshimu kazi hii ni kwamba haikuishia kwenye hoja iliyopendeza. Jenomu ya Xerophyta viscosa ilichapishwa mwaka 2017. Mwaka 2020 ukaja ulinganisho wa nyasi mbili za jenasi moja: tefu, nafaka ya injera ya Ethiopia, ambayo hufa ikikauka, na Eragrostis nindensis, ambayo hufufuka. Ilionekana kwamba nyingi ya zile jeni za mbegu huwaka kwenye majani ya tefu pia inapokaribia kufa. Kuwaka peke yake basi hakutoshi. Swali limehamia kwenye zile chache ambazo hazifanani kwa nyasi hizo mbili, na kwenye lini zinawaka na kwa kiasi gani.

Kwa swali kama hilo, Eragrostis nindensis inampa mtafiti kitu ambacho mimea michache inacho. Kwenye shina moja, majani ya nje yaliyozeeka hukauka na kufa, na ya ndani hukauka na kufufuka. Jenomu ni ileile, chungu ni kilekile, kiangazi ni kilekile. Tofauti ikionekana kati ya jani la nje na la ndani, haiwezi kusingiziwa udongo wala ukoo. Inabaki tofauti ya umri wa jani, na hiyo inaweza kuchunguzwa pembeni, kwa kupima majani ya nje na ya ndani ya mashina mengine ambayo hayakunyimwa maji hata siku moja.