Kuulizwa Baada ya Kuamuliwa: Mwananchi na Tathmini ya Teknolojia Mpya

Teknolojia mpya inapoletwa, viongozi husema kwamba wananchi wameshirikishwa. Katika insha hii ninahakiki neno hilo “kushirikishwa” kwa kutumia mfano wa migomba ya Uganda.

Watafiti wa serikali huko Kawanda, karibu na Kampala, wamekuwa wakibadili jeni za migomba ili istahimili ugonjwa wa mnyauko. Nia yao ni njema, kwani matooke ni chakula kikuu cha wengi wetu. Oktoba 2017 Bunge lilipitisha mswada wa kusimamia teknolojia hiyo, lakini Rais Museveni akakataa kuutia saini. Katika barua yake alihoji haki za wakulima waliotunza mbegu za asili, na hatari ya mbegu hizo kuchanganyika na zilizobadilishwa jeni. Bunge liliupitisha tena Novemba 2018, nao ukarudishwa tena.

Hoja yangu ni kwamba maswali hayo hayakuhitaji kumngoja Rais. Mkulima aliyezoea kuomba mche wa mgomba kwa jirani angeuliza mapema: Je, mche huu nitaruhusiwa kumpa ndugu yangu? Ni nani mwenyewe? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mjadala ule wanasayansi walimsemea mkulima, wanaharakati pia wakamsemea, na mswada wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza.

Nchini Denmark walijaribu njia nyingine. Mwaka 1987 raia wachache wa kawaida walikutanishwa kujadili teknolojia ya jeni katika kilimo na viwanda. Katika mikutano ya aina hiyo, raia wapatao 14 husoma kwanza, huchagua maswali na wataalamu wa kuyajibu, kisha huandika maoni yao wenyewe. Wapo watakaosema kwamba watu 14 hawawezi kuwakilisha taifa. Ni kweli, lakini kazi yao si kupiga kura. Kazi yao ni kuuliza lile ambalo mtaalamu hakulifikiria.

Kwa hiyo, kumwita mkulima ukumbini ili aelezwe kilichokwisha kuamuliwa si kumshirikisha. Aitwe mswada ukiwa bado haujaandikwa, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na maswali yake yaandikwe kwanza. Tusipofanya hivyo, sheria zetu zitaendelea kwenda na kurudi huku migomba ikinyauka.