Ufundi wa Sauti katika Filamu za Bei Nafuu

Filamu ya vichekesho na nyimbo ikitengenezwa kwa fedha kidogo, mzigo mkubwa huangukia sauti. Picha inaweza kuwa hafifu na mandhari duni, lakini msemaji anayeijua vyema lugha ya watazamaji atawavunja mbavu.

Afrika Mashariki iliuona ufundi huo mapema. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza chini ya Meja L. A. Notcutt ulitengeneza filamu fupi 35 huko Vugiri, milima ya Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Kamera haikunasa sauti, hivyo maneno na nyimbo vilirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, zikachezwa sambamba na picha. Sindano ikiruka, mdomo wa mwigizaji huachana na neno lake. Fundi alipaswa kuwa na mkono mtulivu. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wanavijiji walifurika, lakini serikali za kikoloni hazikukubali kuugharamia mradi, ukafa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aling'ara katika Muhogo Mchungu, filamu nyingine ya enzi ya Waingereza. Nayo ilikuwa ya Kiswahili.

Baadaye ufundi huo ulihamia kwa watafsiri wa filamu za kigeni, akiwamo Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kazi zao zilienea hadi mabanda ya video mikoani, yale yaitwayo vibanda umiza. Kijana wa Kyela au Ipinda aliyeketi kwenye benchi aliweza kufuata filamu ya Kihindi asiyoijua lugha yake. Mtafsiri hushusha sauti ya mwigizaji, hueleza nia yake, hutia utani wa mtaani, kisha huiachia nafasi ngoma inapoanza. Akikawia kidogo tu, kichekesho kimepotea.

Mhakiki anayepima mwanga na kamera peke yake huwapunja mafundi hawa. Kazi yao ipimwe pia kwa wepesi wa ulimi, kwa kujua wakati wa kunyamaza, na kwa namna watazamaji walivyoipokea. Hapo ndipo thamani yake ilipo.