Raiza ya Kulia, Raiza ya Kushoto

Wengi wanaijua Hale kwa mkonge na kwa Mto Pangani, ambao mwaka 1964 ulianza kuzungusha hapo mitambo miwili ya umeme yenye jumla ya megawati 21. Mimi naijua pia kwa ustadi usio na kibao barabarani, ustadi wa kuchagua raiza. Raiza ni kipande cha sakiti kinachochomekwa kwenye sloti ya mazabodi ili kadi, badala ya kusimama wima, ilale. Fundi ninayemsema hapa anahudumia seva za shule, za Saccos na za maduka yenye kamera nyingi, kuanzia Hale hadi Korogwe mjini na Handeni. Nyingi ni seva kuukuu za kufungwa kwenye raki, nyembamba, zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika huku.

Kimo cha seva za raki hupimwa kwa U, na kasha la U moja lina kimo cha milimita 44.45. Kadi ya mtandao ya kimo kamili ina bamba la chuma la milimita 120, na hata ile kadi fupi yenyewe ina kimo cha karibu milimita 69. Hakuna itakayosimama humo. Kasha la U mbili lina milimita 88.9, kwa hiyo kadi fupi husimama vizuri, ila ndefu lazima ilazwe. Wauzaji wengi huishia hapo: pima kimo, nunua raiza. Yeye hapo ndipo anapoanza.

Hutazama kwanza mkono. Raiza ya kushoto hulaza kadi upande mmoja wa sloti, ya kulia hulaza upande wa pili. Ukikosea, kadi inakuja kulala juu ya prosesa na bomba lake la joto, na kifuniko hakifungi. Kisha anapima umbali kutoka kwenye sloti hadi kwenye dirisha lililokatwa nyuma ya kasha, maana raiza ikizidi kimo kwa milimita mbili tu, bamba la kadi halioani na dirisha, na skrubu haipati tundu lake. Nimemwona akirudia kipimo hicho kwa kaliba bila haraka yoyote, ilhali mteja amesimama mlangoni.

Halafu zinakuja njia za data, na hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Kadi yenye milango miwili ya gigabiti 10 inahitaji kama gigabaiti 2.5 kwa sekunde. PCI Express ya kizazi cha tatu hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa kila njia, kwa hiyo njia 4 zinatosha na kubaki. Lakini kadi hiyo mara nyingi ina meno ya njia 8, na sloti fupi iliyozibwa mwisho haiwezi kuipokea. Anatafuta basi raiza yenye sloti ndefu, hata kama waya zilizomo ni za njia 4 tu. Urefu wa sloti na idadi ya waya ni mambo mawili tofauti, na fedha nyingi zimepotea kwa kuyachanganya.

Raiza yenye sloti mbili inataka uangalifu mwingine. Mazabodi lazima ikubali kugawa njia 16 kuwa 8 na 8 ndani ya Baiosi, na kila kadi ipate mapigo yake ya saa ya megahezi 100. Mazabodi isipogawa, kadi ya pili haitaonekana kabisa, hata ukiibonyeza vipi. Seva za kampuni kubwa nazo zina mtego: sloti ya raiza inaweza kufanana kwa macho na ile ya kawaida, lakini pini zake zimepangwa kwa namna ya kampuni yenyewe. Kuchomeka raiza ya kubahatisha humo kunaweza kuua mazabodi. Kwa hizo hutumia namba ya sehemu iliyochapwa kwenye raiza ya awali, herufi kwa herufi, wala hakubali "inafanana".

Dar es Salaam iko karibu kilometa 300, na kifaa kisichofaa ni nauli na siku zilizopotea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwa simu.

"Zote sawa tu, bosi," anasema muuzaji wa Kariakoo.

"Hazilingani, kaka. Nipigie picha upande wa pini, uweke na rula pembeni."

Picha ikifika anaikuza, anahesabu, analinganisha na mchoro aliouchora kwa penseli nyuma ya daftari la risiti. Akiona ni raiza ya waya inayochota umeme kupitia plagi ya diski, aina iliyotengenezewa wachimba sarafu za kidijitali, anakataa papo hapo. Sloti ya njia 16 inaweza kudaiwa hadi wati 75, na plagi ile haikuundwa kubeba mzigo huo.

Kifaa kikifika, huwasha seva, hufungua orodha ya vifaa kwenye Linux na kusoma upana wa njia uliopatikana kweli. Kadi ya njia 8 ikiwa imepata 4 ilhali raiza ina waya za 8, anazima, anasafisha meno ya shaba, anairudisha na kusoma tena. Ikibaki 4, anaifunga raiza kwenye boksi lake na kuipeleka stendi, irudi Dar kwa basi la asubuhi.