Nywila ya nini kwa mkulima wa Silibwet?

Majuzi nilikuwa Silibwet, Kaunti ya Bomet. Mama mmoja mkulima wa chai alinijia na kijikaratasi mkononi. "Mwalimu, hebu nisomee. Hiki ni Kiswahili kweli?"

Kilikuwa mwongozo wa programu ya simu ya kampuni fulani. Ulisema hivi: "Sakinisha programu kwenye rununu yako, bofya kichupo cha akaunti, kisha uingize nywila." Mama alikuwa ameitafuta hiyo "kichupa" asiione. Alipokwama, alimpa kijana wa duka simu yake, pamoja na PIN. Kijana akamaliza kazi kwa dakika mbili. Bahati nzuri ni mwaminifu. Hata hivyo, siri ya mtu mmoja sasa ni ya watu wawili, na bonasi ya chai huja kwa simu iyo hiyo.

Je, mwandishi alikosea? Kwa mizani ya darasani, la. Rununu, kichupo na nywila ni istilahi zenye watetezi wake, na mimi mwenyewe nimezifunza. Kosa lake ni kwamba alituandikia sisi walimu, si mama yule, ambaye nyumbani huzungumza Kipsigis na Kiswahili chake ni cha sokoni na cha redio.

Wanafunzi wa istilahi wanavijua vigezo vya PEGITOSCA, vinavyohusishwa na mtaalamu Kiingi wa Uganda. Herufi ya mwisho, A, husimamia ukubalifu. Nahofia wengi wetu huchoka kabla ya kuifikia. Neno "nywila" ni fupi, lakini katika kituo cha kununulia chai halijakubalika kwa sababu halijulikani.

Kuna kosa la pili, na ndilo kubwa zaidi. Kioo cha simu ya mama kiliandika "PIN" huku karatasi ikisema "nywila". Mwongozo ni ramani. Ramani ikiita mto kwa jina ambalo halimo kwenye kibao cha darajani, msafiri atapotea hata kama jina hilo ni tamu. Kanuni ni nyepesi: andika lile lililoandikwa kwenye kioo.

Tazama "Lipa na M-Pesa". Wasanifu tumenung'unika kwamba kifaa huchukua "kwa", na kweli ndugu zetu wa Tanzania husema "Lipa kwa M-Pesa". Lakini anayeandika maelezo kwa Mkenya hana budi kuandika "na", kwa kuwa ndilo analoliona mlipaji dukani. Vivyo hivyo, Mtanzania atatafuta "namba ya siri" ilhali mwenzake wa Bomet anatafuta PIN. Kiswahili ni kimoja, wasomaji ni wawili.

Najua nitaulizwa: tukifuata mazoea tu, lugha itakua lini? Hoja hiyo ina uzito. "Tovuti" na "barua pepe" yalikuwa mageni, leo hakuna anayeshtuka. Lakini maneno hayo yalikuzwa magazetini, redioni na shuleni, mahali ambapo msomaji asipoelewa hapotezi shilingi. Hata Jambo OpenOffice, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, iliweka istilahi zake kwenye kioo chenyewe, mbele ya mtu aliyeketi kuandika na mwenye muda wa kujaribu. Mtu hafunzwi kuogelea siku ya mafuriko.

Sentensi ile ningeiandika hivi: "Weka programu hii kwenye simu yako. Ifungue, bonyeza palipoandikwa Akaunti, kisha uandike PIN yako. Usimwambie mtu yeyote PIN hiyo." Ni ndefu kidogo, lakini nilipomsomea mama alitikisa kichwa kukubali kabla sijafika mwisho.

Kwa hivyo, wenye kampuni, kabla ya kuchapisha, wapeni wakulima watatu mwongozo wenu na simu, kisha mnyamaze. Pale kidole kitakaposita, ndipo penye neno la kubadilishwa. Nasi wasomi tuendelee kubuni istilahi, ila tukumbuke kwamba mwongozo unaomlazimu mtu kutoa siri yake ili asomewe umeshindwa na kazi, hata ungekuwa na sarufi safi namna gani.