Picha Imenyooka, Kidole Hakikunji

Karibu kila mhadhara wa tiba ya mifupa niliowahi kukaa una ile slaidi ya picha mbili za eksirei. Kushoto "kabla": kidole kimevunjika, mfupa umepinda. Kulia "baada": mfupa umenyooka, waya mbili zimepita ndani yake kama vijiti vya mishikaki. Watu wanatikisa kichwa kwa kuridhika, tunaenda slaidi inayofuata. Leo nataka tubaki hapo kidogo, maana slaidi hiyo imeacha swali kubwa: je, mkono unafanya kazi?

Tuanze na waya wenyewe. Unaitwa waya wa Kirschner, kwa jina la Martin Kirschner, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeutambulisha mwaka 1909. Ni kijiti cha chuma cha pua chenye ncha kali, na kwa vidole unene wake ni kama milimita 1 hivi. Daktari anarudisha mfupa mahali pake, anausukuma waya kwa drili kupitia ngozi huku akifuatilia kwenye eksirei, kisha anaacha ncha ikiwa nje. Baada ya wiki 3 au 4 hivi, waya unavutwa kwa koleo. Ni rahisi, ni haraka, na mara nyingi hakuna haja ya kupasua. Kwa hiyo sina ugomvi na waya. Nagombana na namna tunavyoipima kazi yake.

Hebu kunja vidole vyako polepole. Umeona vinavyoelekea pamoja upande wa chini ya dole gumba? Sasa fikiria mfupa umeunga ukiwa umejizungusha kidogo tu. Nyuzi 5 kwenye mfupa wa kiganja zinaweza kusogeza ncha ya kidole kama sentimita 1.5, kikapanda juu ya jirani yake ukikunja ngumi. Kosa hili ni gumu kuliona kwenye eksirei, kwa sababu picha ni bapa na mfupa unaonekana umenyooka tu. Na waya mmoja laini hauzuii vizuri mfupa kujizungusha, ndiyo maana mara nyingi zinawekwa mbili.

La pili ni kano. Kwenye pingili ya kwanza, kano ya kunyoosha kidole imelala juu ya mfupa kabisa. Mfupa ukivunjika, damu na kovu vinaweza kuigandisha kano hapo. Waya wenyewe unaweza kuichoma na kuibana. Ongeza wiki kadhaa za kidole kukaa bila kusogea, viungo vinakakamaa. Eksirei inaonyesha mfupa na chuma. Kano iliyoganda huioni.

Haya nayajua kwa mwili wangu. Miaka mitatu iliyopita nilivunjika kidole cha pete nikidaka mpira kwenye bonanza. Siku ya kutolewa waya nikaoneshwa picha: "Kaka, imekaa vizuri sana, umepona." Hakuna aliyeniambia nikunje ngumi, wala aliyenielekeza kwenye mazoezi. Mpaka leo kidole hicho hakifiki kiganjani, na chenji ya daladala hunidondoka.

Utasema picha nayo ina maana. Kweli kabisa: mfupa ukiunga vibaya, mazoezi hayatakuokoa. Lakini kunyooka kwa mfupa ni nusu ya safari, na sisi tunaofundisha na kuandika sayansi tumezoea kushangilia nusu hiyo. Mwanafunzi anayekuzwa na slaidi za "kabla na baada" ndiye kesho atakayemwambia mgonjwa amepona bila kumshika mkono.

Ningependa slaidi iwe na picha ya tatu: mkono uleule, miezi michache baadaye, umekunja ngumi. Ikikosekana, tuulize kwa nini.

Na wewe ukiwekewa waya, usiondoke bila kuuliza: vidole vyangu vinapangana nikikunja? Vile visivyoumia nianze kuvichezesha lini? Hiki nacho je? Nani atanifundisha mazoezi? Ukiona wekundu, usaha au maumivu yanaongezeka pale waya unapoingilia, rudi hospitali hata kama siku yako haijafika. Halafu daktari akikuonyesha picha, mwonyeshe ngumi.