Mtoto Abebaye Mtoto

Wasomi wamegombana weee juu ya Coming of Age in Samoa, kitabu cha Margaret Mead cha mwaka 1928. Derek Freeman alikishambulia mwaka 1983, na ugomvi mwingi ukawa wa mapenzi ya vijana. Jamani, mbona ulezi hatuuzungumzii?

Mead mwenyewe anaonyesha kwamba msichana wa Samoa, akiwa na miaka sita au saba tu, tayari ni yaya. Mdogo wake akilia, anayekaripiwa ni yeye. Akishapata nguvu za kubeba mizigo mizito, mtoto anahamia kiunoni kwa anayemfuatia, naye anaingia kazi za shamba na kusuka mikeka. Kumbe ule ujana mwepesi anaousifu Mead umebebwa na kitoto kingine! Na kifungua mimba ndiye aliyeianza zamu hiyo.

Waandishi wenzangu, kitabu cha utafiti kinaweza kuishia kwenye orodha ya kazi za binti huyo. Riwaya haiwezi. Hebu sisi tuulize: mtoto akishalala, dada mkubwa alitamani kwenda wapi?